Barafu Isiyopitia Maji

Juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye uwanda wa barafu wa kaskazini, kuna kuta za barafu zilizosimama wima, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tano. Chini yake ni mchanga na majivu ya volkano. Mpandaji anayefika hapo hutegemea kusikia maji yakichuruzika, maana tangu utotoni ameambiwa kwamba barafu ya Kilimanjaro inakwisha. Mara nyingi hasikii kitu, na akiinama kushika mchanga anaukuta mkavu.

Inakwisha kweli. Mwaka 1912 mlima ulikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 11 za barafu. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Lakini wastani wa joto pale kileleni ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na barafu huyeyuka kwenye sifuri. Watafiti Georg Kaser na Thomas Mölg waliofanya kazi Innsbruck, Austria, pamoja na Douglas Hardy wa Marekani, ambaye kituo chake cha hali ya hewa kimekuwa kikipima jua, upepo na unyevu juu ya barafu ile tangu mwaka 2000, walionyesha kwamba kiasi kikubwa cha barafu hiyo hakipitii hatua ya maji kabisa. Molekuli zake hutoka kwenye yabisi zikaingia hewani moja kwa moja. Kuyeyuka kupo pia, hasa kwenye kuta zinazopigwa na jua la mchana. Ila kwenye nyuso zilizo bapa, hewa yenyewe ndiyo inayokula barafu.

Jambo hili linafaa kukaliwa kitako.

Kila mtoto aliyepita darasa la sayansi amechora visanduku vitatu. Cha kwanza kina vidoti vilivyojipanga safu kwa safu, nacho ni yabisi. Cha pili kina vidoti vilivyosongana bila mpango, nacho ni kimiminika. Cha tatu kina vidoti vichache vilivyotawanyika, nacho ni gesi. Mchoro huo hausemi uongo, na umewafaa watoto wengi. Upungufu wake ni mkubwa hata hivyo: vidoti vimetulia na visanduku vimefungwa. Hakuna kidoti kinachotoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Ulimwengu haujajengwa hivyo. Kila uso wa maji na kila uso wa barafu ni mpaka wenye wapitao usiku na mchana, na mengi yanayogusa maisha ya watu, namna chakula kinavyoiva, namna mwili unavyopoa, hata namna ziwa linavyoweza kuua, hutokea hapo mpakani.

Ndani ya barafu, kila molekuli ya maji imeshikana na jirani wanne. Mshikamano huo huacha nafasi tupu katikati, ndiyo sababu barafu ni nyepesi kuliko maji na huelea. Imeshikwa, lakini haijatulia: inatikisika pale pale ilipo bila kukoma. Barafu ikiwa maji, mishiko hiyo hukatika na kuungana upya mara nyingi mno katika sekunde moja, hivyo molekuli hupenyezana huku zikiendelea kugusana. Hewani hazigusani isipokuwa zinapogongana. Katika chumba cha kawaida, molekuli ya naitrojeni huenda kwa karibu mita 500 kwa sekunde. Kama njia ingekuwa nyeupe, ingetoka Dar es Salaam ikafika Morogoro kwa dakika 6 au 7.

Huo ni wastani, na ndani ya wastani ndimo siri ilimo. Mwaka 1860 James Clerk Maxwell alionyesha kwamba katika gesi moja, yenye joto moja, zipo chembe za polepole na zipo za kasi iliyopindukia, na kwamba inawezekana kukokotoa ni ngapi ziko kundi gani. Kipimajoto hakituambii chochote kuhusu chembe moja moja. Kinatupa wastani wa nishati ya mwendo wa zote. Kwenye maji na kwenye barafu mambo ni hayo hayo: nishati haigawanywi sawa. Kwa hiyo hata barafu ya nyuzi 7 chini ya sifuri ina, usoni pake, molekuli chache ambazo kwa wakati huo zimepata mtikisiko wa kutosha kujinasua. Zinaondoka. Nyingine zilizokuwa hewani zinagonga uso na kunaswa. Ni kama pantoni ya Kigamboni, ambapo watu huvuka kwenda na kurudi siku nzima, na idadi ya walio kila upande inaweza kubaki ile ile ingawa watu wenyewe si wale wale. Hewa iliyo juu ya barafu ikiwa imeshiba mvuke, wanaoondoka na wanaorudi hulingana, na barafu haipungui. Hewa ya Kilimanjaro ni kavu, na upepo hauachi mvuke ukae. Wanaorudi ni wachache kuliko wanaoondoka, na tofauti hiyo inalipwa na barafu.

Malipo yenyewe si madogo. Kugeuza kilo moja ya barafu kuwa maji kunahitaji nishati ya kilojuli 334. Kuipeleka barafu hiyo hiyo hewani moja kwa moja kunahitaji karibu kilojuli 2,830, zaidi ya mara 8. Miale ya jua ambayo ingeyeyusha kilo 8 za barafu inaishia kuvukiza kilo moja tu. Hapo pana fundo ambalo halisemwi vya kutosha katika mazungumzo kuhusu mlima huu. Watafiti wanaeleza kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya kileleni imekuwa kavu zaidi, theluji mpya ni haba, na barafu isiyofunikwa na theluji mpya hupoteza weupe na kunywa jua zaidi. Ukavu huo unainyima barafu mapato. Lakini ukavu huo huo, kwa kuilazimisha barafu iondoke kwa njia ya gharama kubwa, umeichelewesha isitoweke. Lonnie Thompson na wenzake walichimba mihimili ya barafu pale mwaka 2000, na barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na umri wa karibu miaka 11,700. Imedumu muda wote huo karibu na ikweta, na sasa inahesabiwa kwa mita.

Gharama ya kuvuka mpaka ndiyo inayopoza maji ya mtungi pia. Mtungi wa udongo uliokaa juu ya mchanga mbichi kwenye kona ya ukumbi, kata ya kifuu imelala juu ya kifuniko chake, una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo taratibu mpaka nje, na tumbo la mtungi huwa na rangi iliyokolea kuliko shingo. Ukiupitishia kiganja, unahisi pale unyevu unapoanzia. Molekuli zinazoondoka kwenye unyevu huo ni zile zenye nishati nyingi, kwa hiyo zinazobaki wastani wake hushuka, na wastani ukishuka ndiyo kusema maji yamepoa. Gramu 10 za maji zikivukizwa kwenye mtungi wa lita 10, maji yaliyobaki hupoteza zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi, ikiwa hakuna joto linaloingia kutoka nje. Hazionekani kuwa nyingi, lakini mtungi hufanya kazi hiyo saa zote, bila umeme.

Mtungi huo huo ukipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi utatoa maji baridi kuliko ukiwa Dar es Salaam mwezi Machi. Pwani kabla ya masika hewa imejaa mvuke, wanaorudi ni wengi, na jasho la mwili nalo hukataa kukauka. Watu husema joto limezidi, na pengine kipimajoto kinaonyesha nyuzi zile zile za juzi. Kilichobadilika ni hesabu ya mpakani.

Tuje kwenye mtungi mwingine, wa chuma, ambao sasa umeingia jikoni kwa wengi: mtungi wa gesi wa kilo 6 au 15. Ukitikiswa kidogo, ndani husikika kitu kikichapa ukuta. Gesi hailii hivyo. Kilichomo ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa mpaka ukawa kimiminika, na juu ya kimiminika hicho pana nafasi iliyojaa mvuke wake. Nje, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ndani ya chuma haichemki kwa sababu mvuke ulioshiba juu yake unairudisha. Jiko likiwashwa, mvuke unatoka, nafasi inapungukiwa, na papo hapo kimiminika kinatuma molekuli nyingine kujaza pengo. Hivyo mgandamizo wa mtungi uliobaki robo ni karibu sawa na wa mtungi uliojaa. Ndiyo maana moto unawaka vizuri hadi dakika za mwisho, kisha unakata ghafla, ugali ukiwa nusu.

Wapishi wazoefu wana njia yao ya kujua. Humwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi, kisha wakashusha kiganja kutoka juu. Panapo mvuke, chuma hubaki na joto. Panapo kimiminika, chuma hupoa upesi, kwa kuwa kimiminika kinanyonya joto hilo na kulitumia kuvukiza. Kiganja kinapokutana na ubaridi, hapo ndipo gesi ilipofikia. Na mtungi ukipikiwa maharage kwa muda mrefu kwa moto mkali, nje yake hutokea umande, wakati mwingine wenye ubaridi mkali. Mvuke unaotoka unaondoka na nishati, chuma kinapoa, na mvuke wa maji uliokuwa hewani jikoni unatua juu yake na kuwa maji. Mipaka miwili inavukwa kwa pande zinazopingana, unene wa bati ukitenganisha.

Propani na butani hazina harufu. Harufu kali inayoonya imewekwa makusudi, ni kemikali yenye salfa ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo sana. Hapa kuna swali zuri lililowahi kuisumbua fizikia yenyewe. Ikiwa molekuli za gesi huenda mamia ya mita kwa sekunde, mbona harufu ya jikoni huchukua muda kufika sebuleni? Mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi, Christophorus Buys Ballot, aliliuliza mwaka 1858 kama pingamizi dhidi ya nadharia ya chembe zinazokimbia: moshi huelea chumbani, hauenei mara moja. Rudolf Clausius alijibu mwaka huo huo. Molekuli zinakimbia kweli, alisema, ila hazifiki mbali kabla ya kugongana na kubadili uelekeo. Leo tunajua kwamba katika hewa ya kawaida molekuli husafiri chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kati ya mgongano mmoja na mwingine, na hugongana mara mabilioni katika sekunde moja. Kasi ipo, lakini inaishia katika kupiga kona. Pingamizi la Buys Ballot lilikuwa zuri kwa sababu lilitoka kwenye jambo ambalo kila mtu amelinusa, na nadharia ilitoka hapo ikiwa na nguvu kuliko ilivyoingia.

Hata hivyo, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wapo wanasayansi wakubwa, Wilhelm Ostwald na Ernst Mach wakiwamo, waliokataa kuamini kwamba atomu zipo kweli. Hakuna aliyewahi kuiona hata moja. Ushahidi uliowageuza wengi ulikuwa umelala kwenye tone la maji tangu mwaka 1827, pale mtaalamu wa mimea Robert Brown alipochungulia hadubini yake na kuona vipande vidogo vilivyotoka ndani ya chavua vikitetemeka na kuhamahama majini bila kupumzika. Alidhani kwanza ni uhai. Akajaribu vumbi la vitu visivyo na uhai, hata la kipande cha jiwe la Sphinx wa Misri, likatetemeka vile vile. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba molekuli za maji, kwa kuvigonga vipande hivyo kutoka kila upande bila usawa, zinaweza kuvisogeza kwa kiasi kinachopimika.

Kazi ya kupima ilifanywa Paris na Jean Perrin kuanzia mwaka 1908. Alitengeneza vichembe vya utomvu wa mti, vyote vya ukubwa mmoja, kazi ya subira kubwa, akaviacha majini na kuhesabu vingapi vilikuwa kwenye kila kimo ndani ya tone. Chini vilikuwa vingi, juu vichache, na vilipungua kwa kanuni ile ile inayopunguza hewa mtu anapopanda mlima. Pale kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi, kiasi kwamba maharage yangekesha jikoni. Katika tone la Perrin, idadi ya vichembe ilishuka kwa nusu ndani ya kimo kisichofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Vichembe vyake vilikuwa vizito kuliko molekuli za hewa, basi. Mengine yote yalikuwa sawa. Kwa kulinganisha viwili hivyo aliweza kukokotoa idadi ya molekuli katika gramu 18 za maji, ile namba yenye sita ikifuatiwa na tarakimu 23. Ostwald alikubali. Perrin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Ni kazi ambayo haichoshi kusimuliwa: mtu anahesabu chembe za utomvu ndani ya tone moja, na ubishi wa karne nyingi unafungwa.

Mpaka kati ya yabisi na kimiminika nao una tabia zake. Chini ya kilomita 200 kutoka Kilimanjaro unasimama Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani ijulikanayo kutoa lava ya kabonati. Lava ya kawaida ya volkano hutoka ikiwa na joto la nyuzi elfu moja na zaidi, na bado huwa nzito, kwa sababu silika iliyomo hushikana katika minyororo mirefu. Ya Lengai haina minyororo hiyo. Hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi, nyepesi kutiririka, na baada ya muda mfupi wa kugusana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe.

Lakini panapoonyesha kwa ukali zaidi jinsi mpaka usioonekana unavyoweza kubeba uhai wa watu ni Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo. Kina chake kinafikia karibu mita 480. Katika maji ya chini mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 hivi za methani, zikipimwa kama ambavyo zingekuwa juu ya ardhi. Molekuli hizo za gesi zimetawanyika kati ya molekuli za maji, na uzito wa maji yaliyo juu yake unazizuia zisikutane na kuwa mapovu. Maji ya chini yana chumvi na kaboni dayoksaidi nyingi, ni mazito, hayachanganyiki na ya juu. Mvuvi aliye kwenye mtumbwi wake haoni lolote; samaki aina ya sambaza anaowavua wanaishi kwenye tabaka la juu lenye oksijeni.

Kameruni walijua hatari ya hali kama hii usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Ziwa Nyos, dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilivurugika. Maji ya chini yalipanda, mgandamizo ukapungua, gesi ikaanza kutoka na kuyavuta maji mengine juu, na wingu la kaboni dayoksaidi likashuka mabondeni. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wakiwa usingizini. Kando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni mbili au zaidi. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji wa Goma, kando ya ziwa hilo, mwezi Januari 2002 na kuingia ziwani, swali lililowakosesha watafiti usingizi lilikuwa hilo hilo. Maji ya chini hayakuvurugika.

Wakazi wa Goma na Sake wana jina lao la mahali gesi kama hiyo hujikusanya nchi kavu: mazuku. Ni mashimo na mabonde madogo, ndani ya mawe ya lava ya zamani, ambamo kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka ardhini hukusanyika. Molekuli yake ina uzito wa 44, ya hewa kwa wastani 29, na usiku usio na upepo gesi hiyo hutulia chini badala ya kuchanganyika. Asubuhi hukutwa mbuzi amekufa, au ndege. Mtu mzima anaweza kupita akiwa na kichwa juu ya gesi, wakati mtoto anayemfuata yumo ndani yake. Hakuna rangi wala harufu ya kumwonya. Maarifa ya wapi mtoto asipite, na saa ngapi, yanastahili heshima ile ile wanayopewa watu wenye vipimo vya kielektroniki, maana yamelipiwa kwa uhai.

Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukitumia mpaka huo huo kwa faida tangu katikati ya muongo uliopita. Bomba linashushwa zaidi ya mita 300. Maji yakishaanza kupandishwa, mgandamizo hupungua, mapovu hujitokeza, na mchanganyiko wa maji na mapovu, kwa kuwa mwepesi, hupanda wenyewe bila kusukumwa. Juu gesi hutenganishwa, methani huchomwa, na umeme wa megawati 26 hupatikana. Kilichoua Nyos ndicho kinachoendesha bomba hili, tofauti ikiwa ni upana wa njia.

Swali la mwisho la mpakani lilitoka Lushoto, na bado halijafungwa. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Mwenzake mmoja, kwa haraka ya kuwahi nafasi, alichanganya ya kwake bila kuchemsha. Mpemba naye, akihofia kukosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji. Mwalimu alimwambia kwamba alichanganyikiwa. Rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga hakushangaa: yeye huingiza ya moto, ndivyo inavyowahi kuganda. Miaka kadhaa baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba alimuuliza swali hilo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kulijaribu. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969.

Tangu hapo maelezo yamependekezwa mengi, na karibu yote yanahusu wapitao. Maji ya moto hupoteza molekuli nyingi kwa mvuke, hivyo yanayobaki kugandishwa ni pungufu. Kuchemsha hufukuza gesi zilizoyeyuka ndani. Chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake, kikakaa vizuri zaidi juu ya chuma baridi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu na kusema hawakupata ushahidi wa kuaminika kwenye maji. Walionyesha kwamba kipimajoto kikikaa sentimita moja juu au chini ya kingine, matokeo yanaweza kupinduka. Mwaka 2020, huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walichukua kishanga cha kioo kidogo kuliko kinachoonekana kwa macho, kikitetemeka majini kama chembe za Brown, wakakiongoza kwa mwanga. Katika mpangilio maalumu wa nguvu zilizokizunguka, kilichoanza na hali ya joto zaidi kilitulia mapema kuliko kilichoanza na hali ya vuguvugu. Jambo hilo, basi, linawezekana katika ulimwengu wa chembe. Kwamba ndilo lililotokea kwenye friji ya Magamba ni hoja nyingine.

Anayetaka kulijaribu nyumbani atahitaji vyombo viwili vya aina moja, maji yaliyopimwa kwa mizani kabla na baada, kipande cha sponji ngumu chini ya kila chombo ili sakitu ya friji isiingilie, na vipimajoto vilivyozama kina kimoja. Atahitaji pia kurudia mara nyingi kuliko anavyodhani. Maji safi yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakabaki maji, na hakuna awezaye kutabiri ni dakika gani molekuli za kwanza zitajipanga vya kutosha ili nyingine zizifuate.